Kamera Zinafanana, Picha Zetu Ziko Wapi?

Ukipita Galbet jioni, watu wakishatoka msikitini na chai ya maziwa imeanza kumiminwa, utakuta meza moja ambayo haizungumzii siasa wala mpira. Inazungumzia kamera. Sony au Canon? Nikon je? Na Panasonic, ambayo kila mtu anaisifu na hakuna anayeinunua? Wabishi ni vijana wa miaka ishirini na kitu wanaopiga picha na video za harusi, mahafali, mikutano ya wanasiasa na miradi ya mashirika. Pesa inayobishaniwa si ndogo. Kamera moja ya fremu kamili isiyo na kioo, mpya, kabla hujanunua hata lenzi, inaweza kupita laki mbili za Kenya. Mzee wa nyumbani akisikia bei hiyo anaigeuza kuwa ngamia kichwani mwake, halafu anauliza: "Na hii inazaa?"

Nimeusikiliza ubishi huu miaka mitatu sasa. Tangu niache chuo naandika kwa kazi, na wiki ambayo kuandika hakulipi nabeba taa na tripodi kwa jamaa wa harusi. Kwa hivyo nina sababu ya kutaka jibu. Nimelitafuta kwenye historia ya vyombo hivi, na nilichopata ni kwamba kamera hizi zinafanana kwa sababu zimetoka tumbo moja. Kuna swali lingine ambalo haliandikwi kwenye boksi, na kwa Garissa lina uzito kuliko jina la kampuni: picha ikishapigwa, inakaa kwa nani?

Tuanze na fremu kamili, maana ndilo neno linalouza.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, fundi Mjerumani aitwaye Oskar Barnack alikuwa anafanya kazi katika kampuni ya Leitz, mji wa Wetzlar. Kamera za siku hizo zilikuwa mzigo: sanduku, mabamba ya kioo, miguu mitatu. Barnack alitaka kitu cha kutia mfukoni. Alichukua filamu ya sinema, yenye upana wa milimita 35, akailaza, akaunganisha nafasi mbili za picha ya sinema zikawa moja. Akapata picha ya milimita 24 kwa 36. Kamera yake ilionyeshwa kwa umma mwaka 1925 kwenye maonyesho ya Leipzig, kwa jina la Leica. Kipimo hicho ndicho leo tunaambiwa ni "kamili". Barnack mwenyewe alikuwa tu fundi mwenye filamu ya sinema mkononi. Kumbe kipimo cha picha za mnato kiliazimwa kutoka kwa picha zinazotembea.

Mwaka 2008 picha zinazotembea zikaja kudai chao. Agosti mwaka huo Nikon ilitoa D90, kamera ya picha yenye lenzi za kubadilisha ambayo pia iliweza kurekodi video. Mwezi uliofuata Canon ikatangaza 5D Mark II: fremu kamili, na video ya kiwango cha 1080. Watu wa harusi na wa filamu za bajeti ndogo duniani kote waliirukia. Ilikuwa na kasoro zake. Faili moja haikuweza kupita gigabaiti 4, kwa hivyo video ilikatika baada ya kama dakika 12. Ukiwahi kuona video ya zamani ambayo khutba ya nikahi inakatika sheikh akiwa katikati ya sentensi, basi umeshamjua mshukiwa mmoja.

Hatua ya tatu ni kioo. Kamera za zamani zilikuwa na kioo ndani kilichoelekeza mwanga kwenye tundu la kuchungulia, na kila ukibonyeza, kioo kiliruka juu na kurudi. Hiyo ndiyo "klak" tuliyoizoea. Oktoba 2013 Sony ilitangaza Alpha 7: ndogo, bila kioo, na fremu kamili ikabaki. Canon na Nikon zilivuta muda hadi 2018, kisha zote zikaja kwa kishindo. Mwaka huo mmoja tu tulipata Sony A7 III mwezi Februari, Nikon Z6 mwezi Agosti na Canon EOS R mwezi Septemba. Tangu hapo kampuni hizi zinanakiliana kama wanafunzi wa dawati moja.

Angalia zile zinazotajwa sana kwenye meza ya chai. Nikon Z6 II ya 2020 ina megapikseli 24 na nusu. Sony A7 IV ya 2021 ina 33. Canon R6 Mark II ya 2022 ina 24. Panasonic S5 II, iliyotangazwa Januari 2023, pia ina 24. Hizo 33 za Sony utazihisi ukichapisha bango la mgombea wa MCA. Harusi nyingi zinaishia kwenye simu ya shangazi, na simu ya shangazi haijali. Kwenye video, ukitaka 4K ya fremu 60 kwa sekunde, ili ucheleweshe mwendo wa bibi harusi akiingia ukumbini, A7 IV inakata kingo na kutumia sehemu ya katikati tu, huku R6 Mark II ikitumia upana wote. Ukiwa na ukumbi mdogo na huwezi kurudi nyuma, hiyo ni tofauti ya kweli. S5 II nayo ina feni ndani yake. Feni! Kwa mji ambao mchana unagusa digrii 37 au 38, hilo si pambo. Canon R6 ya kwanza, ile ya 2020, ililalamikiwa dunia nzima kwa kushika moto ikirekodi 4K, na wengine waliolalamika walikuwa wamevaa makoti.

Halafu kuna ubishi wa ngozi. "Canon inajua ngozi yetu, Sony inatufanya kijani." Nimeusikia mara nyingi. Ubishi huu una babu yake. Kwa miongo kadhaa, maabara za kusafisha filamu za rangi zilipima usahihi wa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi iliyoitwa Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza wa Kodak aliyepigwa picha hiyo. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Ngozi nyeusi ilitoka kama kivuli chenye meno. Kodak ilianza kuboresha filamu zake kwa rangi za kahawia, na sehemu ya msukumo ilitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao waliotaka bidhaa zao zionekane. Kwa hivyo mtu akikuambia kampuni fulani "kwa asili" inajua rangi yetu, cheka. Zote zilijifunza kwa kuchelewa. Na leo, kwa kamera yoyote kati ya hizi nne, rangi ya ngozi inategemea zaidi taa uliyoweka na muda uliokaa kwenye kompyuta.

Mpaka hapo jibu la meza ya chai ni rahisi: chukua yoyote. Lakini kuna jambo dogo la 2018 nililoruka makusudi. Sony A7 III ilikuwa na nafasi mbili za kadi. Nikon Z6 na Canon EOS R zilikuwa na moja. Wapigapicha wa harusi walipiga kelele, na walikuwa na haki: kadi ikifa, harusi imekufa, na huwezi kumwambia bwana harusi aoe tena Jumamosi ijayo. Mwaka 2020 R6 na Z6 II zikaja na nafasi mbili. Kwenye orodha ya sifa hicho ni kimstari kimoja chini kabisa. Ukiishi Garissa, kisome kwanza. Ili uone kwa nini, itabidi tuweke chini hizi za Kijapani kidogo, tuzungumze juu ya mtu aliyezaliwa Eastleigh.

Kupiga picha na video kwa mtu mmoja hakukuanza na Sony. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alifanya hivyo kwa kujining'inizia vyombo viwili vitatu shingoni. Alianzisha Camerapix mwaka 1963, akiwa bado hajafika hata miaka 21. Julai 1969, baada ya Tom Mboya kupigwa risasi mjini Nairobi, Amin alifika pale akarekodi filamu na kupiga picha za mnato pia. Oktoba 1984 alikwenda Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Tarehe 23 mwezi huo dunia ikaona njaa ile kwenye runinga, na kilichofuata unakijua: nyimbo, michango, tamasha la Live Aid mwaka uliofuata. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto. Akawekewa mkono wa bandia, akarudi kazini. Alifariki Novemba 1996 kwenye ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuangukia baharini Comoro.

Sasa shika mwaka huo, 1984. Miezi minane kabla ya Korem, Februari 10, jeshi la Kenya lilikuwa limewakusanya wanaume wa jamii ya Degodia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Walivuliwa nguo, wakaachwa juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ya wakati huo ilitaja watu 57. Manusura wanazungumzia maelfu. Wagalla haikuingia kwenye runinga ya dunia. Waliojitahidi ijulikane, akiwemo Annalena Tonelli, Mtaliano aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, walikuwa na maneno: majina, hesabu, simulizi. Mwaka ule ule, ukanda ule ule wa ukame, misiba miwili. Mmoja ulipata kamera na dunia ikalia. Mwingine ulipata orodha, na orodha ikabishiwa kwa miongo.

Na sisi hapa mjini tuna wetu, wa miaka minne kabla. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa Garissa, vikosi vya usalama viliichoma Bulla Kartasi na watu wakafungiwa kwenye uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa. Wangapi walikufa? Kila mzee ana hesabu yake, na serikali ilikuwa na yake, ndogo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipofungua vikao vyake vya hadhara mwezi Aprili 2011, ilivifungulia hapa Garissa, na watu walisimama wakasema kwa midomo yao, miaka 30 na zaidi baadaye. Mimi sijawahi kuona picha hata moja ya siku zile iliyopigwa na mtu wa mji huu. Mtaa wenyewe unaitwa karatasi, na karatasi ya kuuonyesha ulivyokuwa sijaipata.

Mtu ataniuliza: hata zingepigwa, zingekaa wapi? Swali zuri. Kamera iliyozoeleka Kaskazini Mashariki ilikuwa ya ofisi. Wakoloni walitunga sheria ya kipande mwaka 1915, wakaanza kuitekeleza baada ya vita vya kwanza: alama za vidole, jina la bwana anayekuajiri, kibati shingoni. Mwaka 1926 eneo la Kaskazini lilifungwa, huingii wala hutoki bila kibali. Uhuru ulikuja na vita vya shifta na sheria za hali ya hatari zilizodumu hadi miaka ya tisini. Mwishoni mwa 1989 serikali ikaamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali wachujwe, na waliopita wakapewa kadi ya waridi ya kuonyesha kwamba wamepita. Hata baadaye, kijana wa huku aliyetaka kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati kuhojiwa, jambo ambalo wenzake wengi wa sehemu nyingine za nchi hawakulijua, mpaka Februari 2025 Rais William Ruto alipotangaza akiwa Wajir kwamba uchujaji huo umekwisha.

Kwa hivyo katika nyumba nyingi nilizoingia, picha ya zamani zaidi ya babu ni ile ya kitambulisho. Uso mbele, usicheke, masikio yaonekane. Ameipiga serikali, kwa haja ya serikali, na nakala nzuri iko kwenye faili la serikali.

Halafu ikaja kamera ya pili, ya wageni. Kambi za Dadaab, mwendo wa kama kilomita mia moja kutoka hapa, zilifunguliwa kuanzia 1991. Wapigapicha wakaja na magari meupe. Walirudi kwa wingi mwaka 2011 wakati wa njaa ya Somalia. Kazi zao zilileta chakula, sitaki kuwa mchoyo wa shukrani. Lakini ukitafuta picha za Garissa kwenye simu yako sasa hivi, utapata mizoga ya ng'ombe, mahema, na chuo kikuu kikiwa kimezingirwa na wanajeshi mwezi Aprili 2015, siku tuliyopoteza watu 148. Hutapata eedo anayecheka.

Eedo anayecheka anapatikana kwenye kadi za vijana wa Galbet. Ndio wa kwanza mjini humu kushika, kwa wingi hivi, vyombo vizuri sawa na vile vya mpigapicha wa shirika kubwa la habari. Wamepiga harusi, mahari zikikabidhiwa, wazee wakiimba, mafuriko ya Tana yakipanda hadi mashambani, watoto siku ya kuhitimu madrasa. Na vitu hivyo viko wapi? Kwenye diski moja ya mtumba, juu ya kabati, ndani ya chumba chenye joto. Kazi mpya ikija na diski imejaa, harusi ya mwaka juzi inafutwa. Hakuna ubaya wa moyo hapo. Diski ni pesa.

Hapa kuna kizuizi ambacho watu wa Nairobi hawakijui vizuri, na lazima nikiheshimu. Familia nyingi zetu hazitaki picha za wanawake zitembee. Upande wa akina mama unapigwa na msichana, simu zinakusanywa mlangoni, na mara nyingi mama wa bibi harusi anakuja mwisho wa usiku na kumwambia mpigaji, "Mwanangu, zikishatoka, futa mbele ya macho yangu." Nimewasikia wenzangu wakinung'unika kwamba ni ushamba. Mimi sioni hivyo. Watu ambao nyuso zao zimekusanywa na ofisi na kuuzwa na magazeti wana kila sababu ya kuuliza picha inakwenda wapi. Mama anayesema "futa" hasemi kwamba binti yake asikumbukwe. Anasema hakuamini wewe na diski yako ya juu ya kabati.

Kwa hivyo hatuhitaji ghala moja kubwa la picha za Garissa kwenye ofisi ya mtu mwingine tena, hata akiwa mtu mzuri. Tunahitaji picha zikae kwa wenyewe, katika nakala mbili, ziweze kuonyeshwa wenyewe wakitaka. Na bahati nzuri chombo cha kufanya hivyo kiko tayari kwenye kamera: ile nafasi ya pili ya kadi.

Sasa naweza kujibu meza ya chai. Usinunue kamera yenye nafasi moja, hata muuzaji wa Nairobi akikupunguzia bei mpaka utokwe na machozi. Hiyo inaziondoa Z6 ya kwanza na EOS R, na zipo nyingi kwenye soko la mkono wa pili. Kati ya zilizobaki, uliza marafiki zako wana lenzi gani. Mjini humu lenzi zinaazimana kama sufuria za harusi, na kamera ambayo lenzi yake hakuna mwenzako anayo itakuacha peke yako siku ya kazi kubwa. Kama wengi wako upande wa Sony, nenda Sony. Kama kazi yako ni video ndefu mchana kweupe, hotuba za saa mbili kwenye uwanja usio na kivuli, ifikirie ile Panasonic yenye feni na uache aibu. Kama kumbi zako ni finyu na unapenda kuchelewesha mwendo, R6 Mark II itakufaa. Z6 II ikipatikana kwa bei ya chini, na pesa iliyobaki ikanunua diski mbili, umewashinda wote.

Halafu weka kadi mbili na uirekodi harusi kwenye zote mbili kwa pamoja, kama kamera inavyoruhusu, na kama ile nafasi ya pili inataka kadi ya aina nyingine, ihesabu kwenye bei kabla hujalipa. Moja ni yako ya kufanyia kazi. Ya pili iingize kwenye bei tangu mwanzo, shilingi elfu kadhaa, na usiku huo huo, kabla taa hazijashushwa na jenereta halijazimwa, mpe mama wa bibi harusi. Kwenye mkono wake, si kwenye mkono wa mtu wa kamati. Mwambie, "Eedo, hii ni yenu. Ya kwangu nitaifuta mbele yako ukiniambia." Nimeona jamaa mmoja akifanya hivi mara mbili mwaka huu. Mara zote mbili mama aliifunga kadi kwenye pindo la shashi lake, na hakuna aliyeomba chochote kifutwe.